Kifuniko Kidogo Ndani ya Sufuria Kubwa

Mwezi wa tatu mwaka jana mama alikataa kula. Hakususa. Alikuwa anakaa mezani kama kawaida, ananawa, anaomba Mungu abariki chakula, halafu anazungusha kijiko kwenye bakuli mpaka mchuzi unapoa. Ukimuuliza, anasema ameshiba. Ana presha na ana sukari, na daktari aliyemwona mwezi wa pili alimpa karatasi yenye safu mbili, vyakula vya kula na vyakula vya kuacha. Safu ya pili ilikuwa ndefu. Mimi ndiye niliyeibandika karatasi hiyo kwenye mlango wa friji, na mimi ndiye niliyekuwa napika kwa kuifuata: mchicha wa kuchemsha, maharage yasiyo na chumvi, ugali wa dona mdogo kama ngumi ya mtoto. Mama alikuwa anaipita ile karatasi bila kuitazama, kama mtu anayempita mdai wake barabarani.

Jioni moja mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani, akasema, "Ningepata vile viazi vya Sensei, hivyo ningekula."

Nilimwomba arudie. Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu utotoni.

Kuanzia 1993 hadi 1995 tuliishi kwenye nyumba za watumishi za shule moja ya sekondari, nje kidogo ya mji wa Iringa. Mama alikuwa karani wa ofisi. Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Japani, dada wa miaka ishirini na kitu, mmoja wa wale wanaojitolea ambao JICA huwaleta kwa miaka miwili miwili. Wamekuwa wakija Tanzania tangu miaka ya 1960, wengi wao walimu wa hesabu na sayansi, kwa hiyo huenda hata wewe msomaji, kama ulisoma huku Nyanda za Juu Kusini, uliwahi kufundishwa na mmoja. Wa kwetu alisimama ubaoni siku ya kwanza akasema yeye ni sensei, yaani mwalimu, na wanafunzi wakadhani ndilo jina lake. Likabaki hilo. Mkuu wa shule mwenyewe akawa anamwita Mwalimu Sensei, ambayo ni sawa na kusema Mwalimu Mwalimu.

Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka viazi vyenye rangi ya chai ya rangi, na nyama yenye utamu ambao haukuwa wa nyama. Nakumbuka baba akisema sukari ni ya uji na chai, nyama ina chumvi yake. Basi. Siwezi kusema nilikumbuka ladha, nilikumbuka mshangao.

Kulipata jina la chakula chenyewe hakukuchukua hata dakika tano. Kinaitwa nikujaga. Niku ni nyama, jaga ni kifupi cha jagaimo, kiazi. Nyamaviazi, basi, kama tungetaka kuunda neno. Hapo nikakwama kwenye jagaimo kwa nusu saa nzima badala ya kwenda sokoni, maana kumbe neno hilo linatokana na Jagatara, jina la zamani la Jakarta, na imo ambayo ni kiazi. Viazi vilifika Japani na meli za Waholanzi zilizopitia Jakarta, na Wajapani wakavipa jina la bandari vilikotoka. Sisi tunaviita viazi ulaya kwa sababu hiyo hiyo. Zao lenyewe asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na kati yetu na Wajapani hakuna aliyeitaja Andes. Kila mmoja alimtaja aliyembishia hodi.

Nyama nayo ina habari yake. Kwa karne nyingi Wajapani wengi hawakula nyama ya wanyama wa miguu minne, kwa sababu za dini ya Kibuddha na amri za watawala. Ni mwaka 1872 ndipo ilipotangazwa hadharani kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe, na watu wakaanza kuthubutu. Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba nikujaga ilibuniwa kwa ajili ya Admeri Togo Heihachiro, yule aliyewapiga Warusi Tsushima mwaka 1905. Alikuwa amesoma Uingereza ujanani kuanzia 1871, akazoea mchuzi wao wa nyama ya ng'ombe, na aliporudi kwao akamwagiza mpishi wa jeshi la majini ampikie. Mpishi hakuwa na mvinyo wala siagi, akatia soya sosi na sukari. Miji miwili yenye bandari za kijeshi, Maizuru na Kure, inagombania mpaka leo ni wapi ilipotokea. Mimi naiona ni hadithi iliyopikwa na watu wa utalii. Ila nimeipenda kwa jambo moja: inakiri kwamba chakula hiki kilianza kwa kukosa vitu.

Sasa vitu vyenyewe. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, viazi, vitunguu, karoti. Supu nyepesi inayoitwa dashi, ya samaki mkavu au mwani. Soya sosi. Sake, pombe yao ya mchele, na mirin, pombe nyingine tamu ya kupikia. Sukari. Na tambi fulani za shirataki ambazo nilizifuta kwenye orodha siku hiyo hiyo bila kuona huruma.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mapishi ya watu wanne yanataka vijiko vikubwa vinne vya soya sosi na kama vitatu vya sukari. Kijiko kimoja kikubwa cha soya sosi kina takribani miligramu 900 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku nzima, chumvi ya kijiko kimoja cha chai hivi. Bakuli moja la viazi vya Sensei lingemaliza karibu nusu ya siku ya mama, bado sukari, bado viazi vyenyewe ambavyo vilikuwa kwenye ile safu ndefu, mstari wa tatu.

Nilimpigia kaka yangu Dodoma. Sikuwa naomba ruhusa, nilitaka mtu wa kugawana naye. Akaniuliza, "Wewe unataka kumuua mama?" Nikamjibu kwamba mama anakufa kwa njaa mbele ya karatasi yako, maana yeye ndiye aliyelipia huyo daktari. Hatukuongea kwa siku nne. Katika familia yetu siku nne ni nyingi.

Nikapika hivyo hivyo, kwa woga. Sokoni nilimwamkia mama wa viazi, kamwene, nikamwomba viazi visivyovurugika. Akanionyesha wale wanaowaita Obama, vikubwa, vyeupe ndani. Nikachukua sado moja. Wajapani nao wana kiazi chao chenye cheo, kinaitwa Danshaku, maana yake Baroni, kwa sababu aliyekieneza, Kawada Ryokichi, mhandisi wa meli aliyesomea Scotland, alikuwa na cheo hicho. Danshaku ni cha unga unga, kinapendeza lakini kinavunjika. Wengine hupendelea Mei Queen, kinachoshikilia umbo. Watu wanabishana kuhusu hilo kama sisi tunavyobishana viazi vya Njombe na vya Kilolo.

Bucha ilikuwa tatizo kubwa zaidi. Huku nyama hupigwa shoka, mfupa na yote, unafungiwa. Nilipoomba steki nusu kilo ikatwe nyembamba, kijana aliniangalia, akaikata vipande vya mishkaki, akasema, "Hivyo ndiyo nyembamba, dada." Nikaenda nayo nyumbani, nikaiweka kwenye friza saa moja na nusu mpaka ikagandamana nusu, nikaikata mwenyewe kwa kisu kikali. Hilo nililisoma mahali na linafanya kazi. Nyama iliyoganda nusu inakatika kama sabuni.

Nilipunguza soya sosi mpaka kijiko kimoja. Sukari sikutia kabisa; nilijidanganya kwamba karoti na vitunguu vitaleta utamu. Nikamwekea mama. Akaonja kiazi kimoja, akatafuna taratibu, akaweka kijiko chini kwa adabu zote.

"Mwanangu, hiki ni cha hospitali."

Niliwahi kusoma Kitchen ya Banana Yoshimoto, riwaya fupi iliyotoka 1988, kwa tafsiri ya Kiingereza. Mikage, msichana aliyefiwa na bibi yake, analala jikoni karibu na friji kwa kuwa ni hapo tu usingizi unampata, na baadaye anasafiri usiku kwa teksi kumpelekea rafiki yake aliyefiwa bakuli la katsudon. Mara ya kwanza niliiona riwaya ya watu wenye nafasi. Usiku ule wa "cha hospitali" niliisoma tena na nikamwonea Mikage wivu, maana chakula chake kilikubalika. Na nikawaza, naweza kusahihishwa, kwamba fasihi yetu ya Kiswahili ina njaa nyingi na karamu nyingi, lakini mtu aliyesimama mbele ya sufuria akijiuliza atie kijiko cha pili au asitie, huyo simkuti mara nyingi.

Kesho yake nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikamuuliza mama Sensei alikuwa anapikaje.

Alisema ni mambo ya kuonyeshwa. Akaja jikoni na kigoda chake, mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza, akakaa karibu na mlango, akaomba kisu na beseni la viazi. Na akaanza kunisahihisha. Soya sosi? Sensei alikuja na chupa moja kutoka kwao, alikuwa anaihesabu matone kama dawa ya macho, na iliisha kabla ya mwaka. Sasa ile rangi ya chai ilitoka wapi? Sukari, mama akasema. Aliiunguza sukari kidogo kwenye sufuria mpaka ikawa nyeusi inanukia, ndipo akatia nyama. Kwa hiyo viazi nilivyokuwa nikivikumbuka havikuwa hata na soya sosi. Ilikuwa chumvi ya kawaida na sukari iliyoungua.

Supu? Dagaa. Sensei aliwatoa vichwa na matumbo, akawaloweka, akawachemsha kidogo, kisha akawatoa ili awatupe.

"Akawatupa?" nikauliza.

"Alitaka. Nikamwambia wewe binti, kwetu dagaa hawatupwi. Nikawachukua nikawakaanga." Mama alicheka mpaka kisu kikatulia. Nimesoma baadaye kwamba Wajapani nao wana dashi ya visamaki vidogo vikavu, niboshi, na huwatoa vichwa na matumbo vile vile ili supu isiwe chungu. Sensei hakuwa anabahatisha.

"Na pombe yao ya mchele, alitumia nini?"

Mama akamenya kiazi kizima bila kujibu. Mama yangu ni mzee wa kanisa. Ameimba kwaya miaka thelathini.

"Ulanzi," akasema.

"Aliutoa wapi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namletea."

Msomaji usiye wa huku, ulanzi ni utomvu wa mwanzi. Mwanzi mchanga hukatwa ncha wakati wa mvua, ukakingiwa chombo, na kinachodondoka kinachacha chenyewe. Wa siku ile ile ni mtamu, wenyewe huuita mtogwa. Ukilala unakuwa na nguvu, na watu wakaanza kusema ukweli. Mama alikuwa anaubeba ule mtamu kwenye chupa ya chai, chini ya kanga, akipita mbele ya nyumba ya mchungaji.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Sensei alikuwa mtu wa Kobe. Tetemeko la Kobe lilitokea tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri kwa saa za kwao, huku ikiwa bado usiku wa tarehe 16, karibu saa sita. Asubuhi Sensei akalisikia kwenye redio yake ndogo. Watu zaidi ya 6,400 walikufa kwenye tetemeko lile, ingawa siku hizo za mwanzo hakuna aliyejua idadi. Simu ilikuwa moja shule nzima, ofisini, na ufunguo wa ofisi alikuwa nao karani. Mama akafungua ofisi, na kwa siku tatu wakakaa mle ndani, mchana na usiku, wakisubiri simu ilie. Sensei hakula. Mama alimpelekea uji, ukarudi. Ugali, ukarudi. Mimi inaelekea nililala kwa jirani, sikumbuki lolote.

Siku ya tatu ikalia. Mama yake Sensei alikuwa hai, yuko kwenye jumba la michezo la shule pamoja na majirani, nyumba imelala chini. Sensei akaweka simu, akasema kwa Kiswahili chake, "Mama Karani, mimi ninasikia njaa." Akaenda kupika mwenyewe. Ndiyo vile viazi.

"Ndiyo siku tuliyokula wote," mama akasema. "Baba yako akalalamika sukari." Akanipa beseni. "Haya, kata vikubwa. Kona zake zichonge kidogo visivurugane."

Nikauliza sukari kiasi gani. Tukaingia kwenye mjadala, mimi na yeye, karatasi ya daktari ikiwa inatutazama kutoka kwenye friji. Yeye alitaka vijiko vikubwa viwili. Mimi nilisema cha chai kimoja. Tukakubaliana kijiko cha chai kimoja na nusu kwa sufuria nzima, chumvi nusu kijiko cha chai, soya sosi kijiko kikubwa kimoja kwa kuwa ilikuwepo, na viazi vitatu vidogo kwa mlo, asiongeze. Ulanzi nilimtuma kijana wa bodaboda. Alirudi na lita moja na tabasamu. Tulitumia kikombe, kilichobaki sitakisema kilikwenda wapi.

Kwa wanaotaka kupika: unguza sukari, lakini kwa moto mdogo, maana ikivuka weusi inakuwa dawa. Tia mafuta kidogo na nyama, igeuze mpaka ibadilike rangi. Vitunguu, karoti, viazi. Mimina ulanzi, uchemke mpaka harufu ya pombe ipungue, kisha supu ya dagaa ifike robo tatu ya viazi, isivifunike. Enguа povu. Sukari inatangulia, chumvi inafuata, soya sosi mwishoni. Wajapani wana mpangilio wanaowafundisha watoto kama silabi, sa-shi-su-se-so, na sukari ndiyo ya kwanza kwa sababu ikichelewa haiingii tena. Iringa tuko juu ya mita 1,500, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo dakika 15 wanazoandika wao hapa ni 25 au zaidi. Usivikoroge. Tikisa sufuria.

Nikatafuta mfuniko. Mama akasema, "Si huo. Leta ule mdogo."

Nyumbani kwetu kuna kifuniko cha bati ambacho sufuria yake ilitoboka zamani. Mama hufunika nacho viazi, maboga, hata magimbi, kwa kukizamisha ndani ya sufuria kubwa, juu ya chakula chenyewe, mchuzi ukichemka pembeni mwake. Nimekua nikiona hivyo. Nilidhani ni ubahili, au kwamba mfuniko halisi ulipotea. Dada zangu waliolewa wakaenda na tabia hiyo, na mmoja amewahi kuchekwa na mawifi zake. Siku mbili kabla nilikuwa nimesoma kuhusu otoshibuta, kifuniko cha kudondosha, kidogo kuliko sufuria, kinachokaa juu ya chakula ili mchuzi kidogo uzunguke na viazi visigongane vikavunjika. Nilikuwa nimeangalia mtandaoni bei yake.

Nikasimama na bati lile mkononi. Sikusema kitu. Mama alishaanza kugombana na moto.

Alikula viazi vitatu, na nyama, na akafuta bakuli kwa kipande cha mkate ambacho hatukuwa tumekipatana. Asubuhi nilimpima: 9.4. Siku iliyotangulia ilikuwa 7.8. Nimeiandika kwenye daftari la daktari, na pembeni nikaandika "amekula", maana hilo nalo lilikuwa la kweli. Kaka nilimtumia picha ya bakuli tupu. Kuhusu sukari hakuuliza, nami sikumwambia, na najua anajua.

Nilipotoka na kipimo nilimkuta jikoni, amejitanda kanga ya baridi, anakula kiazi cha jana kwa mkono, kikiwa kimepoa, kimeiva rangi mpaka ndani. Utamu huingia kikipoa. Wajapani wanasema hivyo hivyo, kwamba nikujaga ya kesho ndiyo nikujaga. Wao wanahitaji sentensi nzima kuieleza. Sisi tunasema kiporo.

"Hiki ni cha ngapi, mama?"

"Cha kwanza," akasema, na akasogeza sufuria nyuma yake.